Printa haifi kwa kuchapa, inakufa kwa kukaa

Kabla hujaenda Kariakoo kununua printa ya vikombe, chukua kalenda uhesabu siku ambazo hutachapa. Wengi wetu huhesabu kinyume: vikombe vingapi kwa siku, faida kiasi gani kwa kila kimoja, mwezi utaingiza ngapi. Hesabu hiyo ni tamu, nami niliifanya. Nilichosahau ni kwamba biashara ya vikombe vya picha huku kwetu pembezoni mwa jiji haiendi kila siku kama genge la nyanya. Inakuja kwa mafungu. Wiki ya mahafali unachapa mpaka usiku wa manane. Wiki mbili zinazofuata simu iko kimya, printa imefunikwa khanga mezani, na wino unakauka ndani yake taratibu.

Yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Ilikuwa Ijumaa, na mteja wangu alikuwa na send-off ya binti yake Jumamosi. Alitaka vikombe 40 vya kuwashukuru wanakamati, kila kimoja na picha ya binti huyo. Printa ilikuwa haijawashwa kwa siku 19. Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari myeupe kuanzia juu hadi chini. Nikasafisha kichwa mara moja, mara mbili, mara tano. Nyekundu ikarudi, njano ikarudi, samawati ikagoma. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimemwaga wino mwingi katika kusafisha kuliko niliowahi kuutumia kuchapa kwa mwezi mzima, na uso wa bi harusi bado ulikuwa wa rangi ya chungwa. Alfajiri nilipanda bodaboda kutoka Chamazi, flashi mfukoni, nikaenda mjini kuchapisha kwa mtu mwingine. Vikombe viliwahi. Faida haikuwahi.

Fundi aliyeifungua printa ile siku chache baadaye aliuliza swali moja tu: "Dada, ulikaa muda gani bila kuiwasha?" Nilipomjibu akaiweka chini. Kichwa kipya kilikaribia bei ya printa nyingine.

Tangu hapo, kila anayeniuliza anunue printa gani, nami humuuliza swali la yule fundi, ila mimi namuuliza mapema.

Ili ujue kwa nini kukaa kunaua, ni vizuri uujue wino wenyewe. Wengi wetu tumewahi kuweka vile vidonge vyeupe vya nafthalini kabatini kufukuza wadudu. Havichuruziki wala havilowanishi nguo, ila vinapungua siku hadi siku mpaka vinaisha. Vinatoka kwenye ugumu kwenda kwenye mvuke bila kupitia umajimaji. Rangi ya sablimesheni, ile iliyo ndani ya wino wa vikombe, hufanya vivyo hivyo, ila inahitaji joto kali, kama nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Mfaransa Noël de Plasse, aliyekuwa kwenye kiwanda cha nguo cha Lainière de Roubaix, ndiye anayetajwa kuugundua uchapaji huu mwaka 1957, naye aliukusudia kwa vitambaa. Kwenye kikombe, mvuke ule unaingia ndani ya utando mwembamba wa plastiki ya jamii ya poliesta uliopakwa juu ya udongo wa kauri. Joto likishuka utando unajifunga, na rangi inabaki ndani. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya kikombe kilichochapwa vizuri husikii kitu. Na ndiyo maana kikombe cha kawaida cha dukani, hata kiwe cheupe na cha bei kubwa namna gani, hakishiki picha. Hakina utando.

Sasa, rangi hiyo ndani ya chupa ya wino haijayeyuka kama sukari kwenye chai. Ni chembechembe laini sana zinazoelea kwenye maji yenye dawa. Zikiachwa zitulie, zinashuka chini. Zikifika kwenye matundu ya kichwa cha printa, ambayo ni madogo kuliko unywele, na maji yake yakakauka, zinageuka kuwa kizibo. Wino wa kawaida wa ofisini nao hukauka, lakini huu hauna msamaha.

Jambo la pili ni kichwa chenyewe. Printa nyingi za wino za Canon na HP hufanya kazi kwa kuuchemsha wino kidogo ndani ya kichwa, kiputo kikatokea na kuusukuma nje. Wino wa sablimesheni hautaki kuchemshwa kabla ya wakati wake. Printa za Epson husukuma wino kwa kijiwe kidogo kinachojikunja kinapopitishiwa umeme, bila moto wowote. Hiyo tu ndiyo sababu kila fundi wa vikombe utakayemkuta, kuanzia Tandika hadi Tegeta, ana Epson mezani. Usimsikilize anayekwambia printa ya aina yoyote inageuzika.

Epson yenyewe ilianza kuuza printa za matangi, zile za EcoTank, nchini Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona watu wa nchi kama zetu wanatoboa katriji na kuunganisha mipira ya wino kwa mikono yao. Kwetu sisi wa vikombe yale matangi yalikuwa zawadi. Unanunua printa mpya, huigusi chupa ya wino iliyokuja nayo, unamimina wino wa sablimesheni kwenye matangi makavu, na unaianza safari. Printa ikishaonja wino huu hairudi tena kwenye barua za ofisi. Pia ujue kwamba mtengenezaji hawajibiki na uharibifu wa wino ambao mashine yake haikutengenezewa, kwa hiyo ile waranti iliyoandikwa kwenye boksi ichukulie kama haipo. Na kama unanunua iliyotumika, iwe imetumika kwa sablimesheni tangu mwanzo na uione ikichapa. Ile iliyokuwa ya stesheneri, iliyosuuzwa ikajazwa wino mpya, usiiguse.

Ipo pia njia ya kununua mashine iliyozaliwa kwa kazi hii. Epson wana SC-F100, ya karatasi ya A4, yenye rangi nne na chupa za wino za mililita 140. Kampuni ya Sawgrass ya Marekani ina SG500, inayojisafisha yenyewe ikiachwa imewashwa, lakini inatumia katriji zenye chipu ambazo huwezi kujaza kwa sindano. Uzuri wa mashine hizi ni kwamba wino, rangi na waranti vinatoka mkono mmoja. Ubaya wake ni bei, mara kadhaa ya printa ya matangi, na pia swali ambalo lazima uulize kabla hujatoa hela: wino ukiisha Desemba, wiki ya Krismasi, naupata duka gani hapa Dar es Salaam? Ukijibiwa "tutakuagizia", hiyo siyo printa ya mtu wa nyumbani.

Nami nina maoni yangu ambayo wauzaji hawayapendi. Mtu anayeanza asinunue printa kabisa.

Anunue presi ya vikombe kwanza. Presi ni kifaa kigumu, kina waya wa joto, saa na kipimo cha nyuzi. Kikikaa mwezi hakiharibiki. Picha ichapishwe kwa aliye na printa inayofanya kazi kila siku. Karatasi moja ya A4 inabeba picha tatu za kuzunguka kikombe, kama kila moja ina urefu wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 9, kwa hiyo vikombe 12 ni karatasi nne tu. Unazitia kwenye bahasha ngumu ndani ya mfuko wa nailoni, unarudi nazo Mbagala au Bunju, na unazipika jikoni kwako jioni. Rangi kwenye karatasi itaonekana imefifia kama picha iliyoachwa juani. Usiogope, inachangamka ikishapata joto. Fanya hivyo miezi mitatu, uandike kwenye daftari kila oda na tarehe yake. Daftari hilo ndilo litakalokuchagulia printa.

Likionyesha umepata oda kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna siku kumi au zaidi, endelea hivyo hivyo. Faida inayoonekana kukuponyoka kwa kuchapisha kwa mwenzako ni ndogo kuliko kichwa kimoja kilichoziba. Likionyesha kila wiki kuna kazi, walau kidogo, nunua ya matangi yenye rangi nne kama L121 au L3250. Likionyesha kila siku kuna kazi na tayari una wateja wa taasisi, shule na kampuni wanaotaka rangi ile ile leo na mwaka kesho, hapo ndipo mashine iliyozaliwa kwa kazi hii inapojilipa.

Utaona nimetaja rangi nne. Wauzaji watakusukumia za rangi sita, kama L8050 au ndugu yake mkubwa L18050 ya A3, wakisema picha zake ni laini zaidi. Ni kweli, kwenye karatasi ya picha utaiona tofauti, hasa kwenye anga na kwenye ngozi nyeupe, kwa sababu ya zile samawati na majenta nyepesi zilizoongezwa. Kwenye kikombe, baada ya mvuke kujitandaza ndani ya utando, tofauti hiyo inakuwa ndogo sana. Kinachobaki ni njia sita za kuziba badala ya nne, na chupa sita za kununua. Na A3 ya nini kwa kikombe cha sentimita 20? Mwenye mpango wa kuchapa fulana kubwa anunue A3. Mwenye vikombe hana haja nayo.

Usikubali pia kuuziwa printa kwa hoja ya bei ya wino. Picha ya kuzunguka kikombe haifikii hata nusu mililita ya wino. Chupa nne za mililita 100 zinaweza kuchapa mamia kwa mamia ya vikombe, na kabla hazijaisha huenda muda wake ukawa umepita, kwa sababu wino huu ukishafunguliwa haudumu miaka. Nunua chupa ndogo, soma tarehe, itikise taratibu kabla ya kumimina. Na ukishapata wino unaokupa rangi nzuri, baki nao. Anayechanganya wino wa maduka mawili kwenye tangi moja anapoteza yote aliyoyarekebisha.

Na hapa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, ambalo kwenye maduka halizungumzwi: sura za watu wetu.

Wateja wetu hawachapishi maua. Wanachapisha nyuso. Bi harusi aliyepambwa, marehemu bibi, mtoto wa kipaimara, mwalimu anayestaafu. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwa printa iliyojazwa wino wa kubahatisha. Nyeusi kidogo ikizidi, mashavu yote yanakuwa bonge moja la giza, macho tu ndiyo yanaonekana. Njano ikizidi, uso unaingia ukijani kama mgonjwa. Majenta ikizidi, mama wa watu anaonekana kama ameungua na krimu. Nimeviona vikombe vya aina hiyo vikikabidhiwa ukumbini, na mwenye sherehe akishukuru kwa adabu, kisha kikombe kikaishia nyuma ya kabati.

Dawa yake ipo. Kila wino mzuri wa sablimesheni unatakiwa uje na faili dogo la rangi, mafundi huliita profaili, linaloiambia kompyuta wino huu ukipikwa unageuka rangi gani. Bila faili hilo printa inadhani bado ina wino wa kiwandani na inakosea kila kipimo. Muulize muuzaji: profaili ya wino huu kwa printa hii iko wapi? Akikuangalia kana kwamba umemuuliza habari za mwezini, usinunue wino wake. Ukiipata, iwekwe kwenye programu unayochapia, kisha urekebishaji wa rangi wa printa yenyewe uzimwe, maana mapishi mawili kwenye chungu kimoja hayaelewani.

Halafu fanya jaribio la kikombe kimoja. Chukua picha ya mtu unayemjua vizuri, ambaye unaweza kumwita asimame mlangoni umtazame. Ipange ndogo ndogo mara sita kwenye karatasi moja, kila moja imeongezwa mwanga kidogo kuliko iliyotangulia, zipe namba, zipike zote kwenye kikombe kimoja. Toka nacho nje, kwenye mwanga wa mchana, umlinganishe na mtu mwenyewe. Ile namba inayofanana naye ndiyo kipimo chako kwa ngozi ya namna hiyo. Kikombe hicho usikiuze. Mimi changu kipo juu ya presi, na wateja hukitumia kuchagua.

Picha yenyewe nayo ina mchango wake. Kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 9, kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji picha yenye nukta kama 2,362 kwa 1,063. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na iliyozunguka makundi matatu ya familia imechoka zaidi. Mwombe mteja akutumie kama faili, si kama picha. Ni sentensi moja tu kwenye simu, "Mama, naomba unitumie kama document," na inaokoa uso wa mtu.

Umeme sasa. Watu huogopa presi kwamba itameza LUKU. Presi ya kikombe kimoja hutumia kama wati 300 hadi 400. Kikombe kinapikwa dakika tatu, tuseme nne pamoja na kupasha moto upya. Kwa wati 350 uniti moja inapika vikombe zaidi ya 40. Kwa mtumiaji wa kundi la T1, ambaye uniti yake pamoja na kodi imekuwa kati ya shilingi 350 na 360, hiyo ni chini ya shilingi 10 kwa kikombe. Utatumia zaidi kuchaji simu za watoto na jirani.

Tatizo ni umeme unapokatika katikati. Tuliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 tunakumbuka. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uliingia kwenye gridi Februari 2024, na bwawa zima limejengwa kwa megawati 2,115, kwa hiyo hali ya leo si ile. Lakini nguzo kuanguka, transfoma kulipuka na matengenezo ya mtaa bado vipo. Kikombe kilichopikwa nusu kikipoa hakipikiki tena bila picha kucheza na kuacha kivuli. Kitupe kwenye hesabu ya hasara.

Printa inaumia zaidi, na kwa njia ambayo huioni. Inapozimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya mfuniko laini unaozuia hewa. Umeme ukikatika kikiwa katikati ya safari, kinabaki uchi kwenye hewa kavu mpaka umeme urudi. Saa sita za namna hiyo zinatosha kuanzisha kizibo. Sisi wenyewe huwa tunaifanyia printa jambo hilo hilo kila jioni kwa kuzima swichi ya ukutani, tabia tuliyoizoea kwa redio na pasi. Usizime ukutani. Bonyeza kitufe, subiri mashine inyamaze, ndipo uguse soketi. Na ununue UPS ndogo kwa ajili ya printa peke yake. Printa ya matangi inakula umeme mdogo kuliko taa nyingi za zamani, kwa hiyo UPS ya bei ya chini inatosha kumaliza karatasi na kuzima kwa heshima. Presi usiichomeke humo, itaiua UPS.

Vumbi la mitaa ya mchanga, kama ya Buza au Mabwepande, linataka khanga juu ya printa na dirisha lililo mbali nayo. Feni isiielekee. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, shida inahamia kwenye karatasi: zinanyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ukipata joto la presi unageuka mvuke unaosukuma rangi pembeni, herufi zikatoka zimevimba. Zifunge kwenye mfuko wake wa nailoni kila unapotoa moja. Ndani ya chumba kinachopikiwa vikombe watoto wasiingie. Nyuzi 180 hazina mchezo, na harufu inayotoka pale inahitaji dirisha wazi.

Kila siku ya pili au ya tatu, hata kama hakuna oda, chapa karatasi moja yenye vibao vya rangi zote. Mimi nimeiandika kazi hiyo ukutani pamoja na siku za kumwagilia maua. Siku ya ibada ya msiba, siku ya safari, kuna mtu wa nyumbani anayejua kuifanya.

Kuhusu vikombe vyenyewe nitasema kidogo. Vinauzwa kwa boksi, vingi vya wakia 11, na utando wake hautofautiki kwa macho. Nunua viwili vya kujaribu kabla ya boksi, vichape, kisha visugue kwa stilwaya na sabuni kama dada wa kazi atakavyovisugua. Utando dhaifu utakwambia ukweli hapo hapo. Hata ulio mzuri mwambie mteja atumie sifongo.

Wateja wapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, 1,346,674 kati yao wako Temeke na 982,328 Kinondoni, na karibu kila nyumba yao ina ubatizo, maulidi, mahafali au harusi kwenye kalenda. Kinachohitajika ni kuwa karibu nao kwa bodaboda, na kuwa na namba ya kulipia kwa simu. TIN inatolewa na TRA bila malipo, nenda uichukue mapema, kwa sababu shule au kampuni itakuomba risiti siku ya oda ya kwanza kubwa. Na nembo za Simba na Yanga, ambazo kila kijana atakuja kukuomba, zina wenyewe. Ni alama za biashara za klabu, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani kuzikamata. Mchapie kijana jina lake na rangi anayoipenda, hiyo hakuna anayemiliki.

Kuna wanaosubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ni haki yenu, iombeni. Ombi langu kwa vikundi vinavyoandika mchanganuo wa vikombe ni kwamba msianze na printa ya A3 kwa sababu tu bajeti inaruhusu. Nunueni presi tatu, printa moja ya rangi nne, UPS na vikombe. Watu watano wenye presi tatu wanaifanya printa moja ifanye kazi kila siku, na printa inayofanya kazi kila siku haizibi. Hapo ndipo kikundi kinampita mtu mmoja, na sijaona mchanganuo ulioliandika jambo hilo.

Siku ukienda kununua, nenda na flashi yenye picha ya mama yako na kikombe kitupu cha aina uliyoijaribu kwa stilwaya. Mwambie muuzaji achape karatasi ya ukaguzi wa matundu kwanza, uitazame mstari kwa mstari, usiwepo hata mmoja uliokatika. Kisha achape picha, aipike, akupe. Toka nayo barabarani kwenye jua. Kama yule aliye kwenye kikombe ni mama yako, lipa. Kama siye, au kama muuzaji amekataa kuchapa, rudisha kikombe chako kwenye mfuko uende duka linalofuata.